KOMBE LA UBER: NGUVU YA TIMU NI MCHEZAJI WAKE WA TATU

Na Ofisa wa Uhusiano wa Jeshi, Gisenyi

Mji wa Gisenyi, ambao leo ni makao ya wilaya ya Rubavu, unajulikana kwa mambo mengi. Unajulikana kwa ziwa Kivu lililotandaa mbele yake, kwa mlima Nyiragongo unaoonekana ng'ambo ya mpaka, kwa kiwanda cha bia cha Bralirwa, na kwa Kiswahili kinachosemwa sokoni na mpakani kama kinavyosemwa Goma. Katika michezo pia mji huu umekwisha kujipatia sifa. Uwanja wa Umuganda ulipokea baadhi ya mechi za mashindano ya CHAN ya mwaka 2016, na mchanga wa ufuko wake ulichezewa mashindano ya kimataifa ya mpira wa wavu wa ufukweni mwaka 2019 na mwaka 2021.

Mpira wa vinyoya, ambao wengi huuita kwa jina lake la kigeni, badminton, haumo katika sifa hizo. Hata hivyo leo tumeona inafaa kuwaeleza wenzetu wanajeshi na askari polisi habari zake, na hasa habari za mashindano ya kufuzu yanayofanywa barani Afrika kutafuta timu ya wanawake itakayokwenda kushindania Kombe la Uber. Sababu ya kufanya hivyo ni mbili. Kwanza, jirani zetu wa Uganda walikwisha kuivuka njia hiyo mwaka 2024, na jambo lililofanywa na jirani haliwezi kuitwa ndoto. Pili, utaratibu wa mashindano hayo unafundisha somo ambalo kila mkuu wa kikosi, awe wa jeshi au wa polisi, angependa askari wake walijue bila kuambiwa mara mbili.

ASILI YAKE NI KAMBINI

Wapo wanaoudhani mpira wa vinyoya kuwa mchezo wa watu wenye starehe, unaochezwa bustanini baada ya chai. Historia inasema vingine. Mchezo huu kwa sura yake ya leo ulikuzwa na maofisa wa jeshi la Waingereza waliokuwa wakikaa Poona, nchini India, katika karne ya 19. Hao ndio walioufunga wavu katikati ya kiwanja na kuanza kuandika sheria. Waliporudi kwao wakaupeleka Uingereza, na huko ukachukua jina la nyumba ya Mtawala wa Beaufort iitwayo Badminton. Chama cha kwanza cha Uingereza kiliundwa mwaka 1893, na shirikisho la kimataifa likaanzishwa mwaka 1934. Ilipofika mwaka 1992, huko Barcelona, mchezo huu ukahesabiwa rasmi miongoni mwa michezo ya Olimpiki.

Katika Afrika ya Mashariki vinyoya viliingia kwa njia ya utawala wa Kiingereza na jamii za Wahindi, na vilabu vikaota mizizi katika miji kama Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Rwanda, iliyotawaliwa na Wajerumani kisha Wabelgiji, haikupitiwa na njia hiyo. Ndiyo maana mchezo umechelewa kwetu. Lakini msomaji asidhani kwamba eneo letu lilikuwa mtazamaji tu, kwani shirikisho la mchezo huu la Afrika lilizaliwa Dar es Salaam, mwaka 1977.

KOMBE LENYEWE

Kombe la Uber limepewa jina la mwanamke wa Kiingereza, Betty Uber, mchezaji hodari wa miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Wakati huo wanaume walikuwa wamekwisha kupata kombe lao la timu, yaani Kombe la Thomas. Bibi Uber akatoa hoja kwamba wanawake nao wanastahili kupewa mashindano ya mataifa, wasiachwe kucheza kila mmoja kwa jina lake peke yake. Mashindano ya kwanza yalifanyika msimu wa 1956 na 1957, na nchi 11 zilishiriki. Fainali ilichezwa Lytham St Annes, Uingereza, ambako Marekani iliishinda Denmark kwa michezo 6 kwa 1.

Marekani ilichukua kombe mara tatu mfululizo. Baada yake zikaja zamu za Japani na Indonesia, na tangu mwaka 1984 China imekuwa na mkono mzito kuliko wote. Zamani mashindano yalifanyika kila baada ya miaka mitatu, na kila pambano la nchi mbili lilikuwa na michezo saba. Tangu mwaka 1984 hufanyika kila baada ya miaka miwili, na pambano lina michezo mitano. Tunamwomba msomaji aishike vema hesabu hiyo ya michezo mitano, kwa maana ndiyo kiini cha maelezo yetu.

HESABU YA MICHEZO MITANO

Nchi mbili zinapokutana, hucheza michezo mitatu ya mmoja mmoja na michezo miwili ya wawili wawili. Mchezaji wa kwanza wa upande huu humkabili wa kwanza wa upande ule, wa pili humkabili wa pili, na wa tatu humkabili wa tatu. Jozi ya kwanza hukutana na jozi ya kwanza, na ya pili na ya pili. Mwalimu hana ruhusa ya kuwapanga apendavyo ili kumficha aliye dhaifu. Wachezaji hupangwa kufuata daraja zao. Upande unaoshinda michezo mitatu ndio mshindi wa pambano.

Ndani ya kila mchezo, seti huchezwa hadi pointi 21, na mshindi ni yule anayetangulia kushinda seti mbili. Pande zikifungana 20 kwa 20, lazima mmoja amzidi mwenzake kwa pointi mbili, isipokuwa wakifika 29 kwa 29, hapo pointi ya 30 huamua.

Sasa tufanye hesabu. Mchezaji mmoja anaruhusiwa kucheza mara moja peke yake na mara moja katika jozi. Kwa hiyo nyota mmoja, hata awe wa namna gani, hawezi kuiletea nchi yake zaidi ya ushindi wa michezo miwili. Michezo inayotakiwa ni mitatu. Huo wa tatu lazima utoke kwa mtu mwingine.

Msomaji makini atasema: basi tutafute nyota wawili. Kila mmoja ashinde mchezo wake, kisha washinde pamoja katika jozi, na hesabu itimie. Kwa karatasi ni kweli. Lakini mashindano ya kufuzu huchezwa kwa siku chache tu, makundi kwanza, kisha nusu fainali, kisha fainali. Wakikabili nchi mbili katika siku moja, wanawake hao wawili watakuwa wamecheza michezo minne kila mmoja. Siku ya fainali miguu yao itakuwa imekwisha kulipa deni la siku zilizotangulia, na akiteguka kifundo mmoja wao, timu nzima imekwisha. Nchi ya namna hiyo hufananishwa na kombania yenye bunduki mbili nzuri na risasi za asubuhi moja.

Hivyo mwisho wa yote, aliye mlango wa ushindi au wa kushindwa ni mchezaji wa tatu na jozi ya pili. Hao ni watu ambao magazeti hayawataji sana. Mara nyingi huingia kiwanjani wakati pambano limefungana mbili kwa mbili, watazamaji wamenyamaza, na makosa ya wenzao wa mbele yamewekwa yote mabegani mwao.

NAFASI MOJA KWA BARA ZIMA

Fainali za Kombe la Uber huwa na nchi 16. Barani Afrika nafasi hutafutwa katika mashindano ya timu ya bara, ambayo hufanyika mwezi wa Februari wa mwaka wa fainali. Bingwa wa wanawake hukata tiketi, na aliyeshika nafasi ya pili hurudi nyumbani pamoja na aliyekuwa wa mwisho. Katika vita vya mchezo huu hakuna medali ya fedha inayovuka bahari.

Mauritius iliwakilisha Afrika mwaka 2016 na mwaka 2018. Kisha ikaja zamu ya Misri kwa fainali mbili zilizofuata. Februari 2022 mashindano ya bara yaliletwa karibu kabisa na sisi, katika ukumbi wa Lugogo, Kampala, na Misri ikaondoka hapo na ubingwa wa wanawake. Waganda walikuwa wenyeji. Waliona kwa macho yao, katika ukumbi wao wenyewe, kile kinachotakiwa.

Miaka miwili baadaye, Februari 2024, mashindano yalifanyika Cairo. Misri ilikuwa nyumbani, na ndiyo iliyokuwa ikiulinda ubingwa. Timu iliyochukua ubingwa wa wanawake ni Uganda. Miongoni mwa wachezaji wake walikuwamo Husina Kobugabe na Gladys Mbabazi, ambao walikwisha kuiwakilisha nchi yao katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham mwaka 2022. Lakini, kama tulivyokwisha kuonyesha kwa hesabu, majina mawili hayatoshi kuchukua ubingwa wa bara. Nyuma yao walikuwako wengine walioubeba mzigo uliobaki.

Kwa ushindi huo Uganda iliingia fainali za Kombe la Uber kwa mara ya kwanza, mjini Chengdu, China, mwezi wa Aprili 2024. Kundi walilopangwa halikuwa na huruma: Japani, Indonesia na Hong Kong. Waganda walishindwa katika mapambano yote matatu. Indonesia waliyokutana nayo ndiyo iliyofika hadi fainali na kushindwa na China.

Wapo waliocheka habari hizo. Sisi hatuoni sababu ya kucheka. Kuruta wa kwanza anayepelekwa kwenye mafunzo ya nchi za mbali hashindani na mwalimu wake siku ya kwanza. Hujifunza kasi, hupima umbali, kisha hurudi kambini akijua ni nini anachopaswa kuwafundisha wenzake. Pearly Tan wa Malaysia, kwa mfano, mwaka 2023 alipiga kinyoya kwa kasi iliyopimwa kuwa kilomita 438 kwa saa, na hadi siku hiyo hakuna mwanamke aliyekuwa ameandikwa kuifikia. Kasi ya namna hiyo haifundishwi kwa maneno. Ni lazima mtu asimame mbele ya watu wa daraja hilo, kinyoya kimpite, ndipo aelewe.

MFANO WA WAKENYA AGADIR

Somo hili la mchezaji wa nyuma halimo katika vinyoya peke yake. Watu wa Gisenyi waliozoea mpira wa wavu wa ufukweni wanaweza kulitazama kwa jicho la mchezo wao. Mwezi wa Juni 2021, mjini Agadir, Morocco, wanawake wa Kenya walikata tiketi ya Olimpiki ya Tokyo kwa njia ya Kombe la Bara. Katika mashindano hayo kila nchi huleta jozi mbili, na zote mbili hucheza. Zikigawana ushindi, huchezwa mchezo mmoja wa kuamua.

Waliokwenda Tokyo ni jozi moja tu, Gaudencia Makokha na Brackcides Agala. Jozi ya pili, iliyotoka jasho katika mchanga ule ule wa Agadir, haikuwa na nafasi katika ndege hiyo. Tunawaomba wenzetu waitafakari hali hiyo. Ipo kazi ambayo mtu huifanya akijua kwamba matunda yake yataliwa mbele ya macho ya dunia na mwenzake. Askari anaielewa kazi hiyo pengine kuliko raia yeyote, kwa kuwa aliyelinda daraja usiku hapigwi picha siku msafara unapovuka.

HEWA YA KIVU NA UZITO WA KINYOYA

Kabla ya kuzungumzia wajibu wetu, ni vizuri kueleza shida moja ya mchezo huu katika nchi zetu za milima, kwa sababu wengi huinunua shida hiyo dukani bila kujua.

Kinyoya halali kina manyoya 16 yaliyochomekwa katika kizibo, na uzito wake ni kati ya gramu 4.74 na gramu 5.50. Kitu chepesi namna hiyo hutawaliwa na hewa. Ziwa Kivu liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi, haikizuii kinyoya sana, na kinyoya hukimbia kuliko kinavyokimbia Mombasa au Cairo. Watengenezaji wanalijua jambo hili, ndiyo sababu viboksi vya vinyoya huandikwa namba za kasi. Vyenye namba ndogo huenda polepole, navyo ndivyo vinavyofaa nchi za juu. Vyenye namba kubwa ni vya pwani.

Kikosi cha Gisenyi kikinunua vinyoya vya pwani, kila pigo litatoka nje ya mstari. Wachezaji watajizoeza kupunguza nguvu ya mkono, na siku watakapopelekwa kushindana Cairo, karibu na usawa wa bahari, mapigo yao yote yataanguka mafupi. Mashindano ya kufuzu yamekwisha kupotea kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Sheria imetoa kipimo rahisi ambacho hata koplo anaweza kukifanya bila chombo chochote isipokuwa utepe wa kupimia. Mchezaji asimame kwenye mstari wa nyuma kabisa, akipige kinyoya kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu, sambamba na mstari wa pembeni. Kinyoya chenye kasi inayofaa kitaanguka ng'ambo ya pili kabla ya mstari wa nyuma, kwa umbali usiopungua sentimita 53 na usiozidi sentimita 99. Kikipita hapo ni cha kasi mno. Kisipofika ni kizito wa mwendo.

Shida ya pili ni upepo. Upepo unaotoka ziwani hauwezi kupatana na gramu tano za manyoya. Mchezo huu wa kawaida unataka jumba, na jumba lenyewe liwe na dari ya juu na milango inayofungika. Kiwanja chake hakichukui nafasi kubwa, kwani urefu ni mita 13.40 na upana mita 6.10, na wavu una urefu wa mita 1.55 kwenye nguzo. Ukumbi wa shule au bwalo kubwa, meza zikiondolewa, huweza kutosha kwa mazoezi ya mwanzo.

Kwa wale wasio na jumba, shirikisho la dunia lilizindua mwaka 2019, huko Guangzhou, China, namna nyingine ya mchezo inayochezwa nje, juu ya sakafu, majani au mchanga, kwa kinyoya kilichotengenezwa kustahimili upepo. Namna hiyo inaruhusu hata watu watatu kwa watatu. Haiwezi kuchukua mahali pa mchezo wa ndani, na Kombe la Uber halichezwi hivyo. Lakini kwa mji wenye mchanga na ziwa kama Gisenyi, ni mlango mzuri wa kumwingiza kijana ambaye hajawahi kushika raketi. Jicho, kifundo cha mkono na wepesi wa mguu hujifunzwa popote.

WAJIBU WETU

Wapo watakaouliza: askari ana kazi ya ulinzi, vinyoya vinamhusu nini? Swali ni la haki na linastahili jibu. Majeshi na polisi wa eneo letu wamekuwa walezi wa michezo kwa miaka mingi. Hapa Rwanda, timu za wanawake za APR na za Polisi zinajulikana katika ligi za nchi. Machi 2023 Kigali ilipokea michezo ya polisi wa nchi za Afrika ya Mashariki. Sababu ya malezi hayo ni kwamba kambi ina vitu vitatu ambavyo klabu ya raia hupata kwa taabu: ina watu wengi wa umri mmoja, ina ratiba, na ina nidhamu. Timu ya michezo mitano inahitaji vitu hivyo hivyo vitatu. Raketi huja baadaye.

Lakini hapo hapo ndipo penye udhaifu ambao ni wajibu wetu kuusema wazi. Katika vikosi vingi, timu ya wanawake inapoundwa, wawili walio bora huonekana mapema. Hao hupewa viatu, hupewa muda, na hutajwa kwenye gwaride. Wa tatu na wa nne huitwa wa akiba. Siku ya mazoezi likitokea pengo katika zamu ya lindo, anayeitwa kuliziba ni yule wa tatu, kwa kuwa wakubwa huona kukosekana kwake hakuna hasara. Likitokea pengo jikoni, ni yeye. Baada ya miezi sita amekosa nusu ya mazoezi, kisha analaumiwa kwa kuwa dhaifu. Siku pambano likifungana mbili kwa mbili, kikosi kizima humtazama mtu ambaye kikosi hicho hicho kilimnyima mazoezi.

Hatusemi lindo liachwe. Lindo ni lindo. Tunasema zamu zipangwe kwa haki, ili kila mmoja wa timu akose mazoezi kwa kiasi kile kile, bora na wa akiba sawasawa. Jambo hilo halihitaji fedha. Linahitaji mkuu wa kombania au mkuu wa kituo cha polisi aketi na karani wake kwa dakika chache kila juma.

Aidha, tungependa vikosi vinavyotaka kuujaribu mchezo huu visianze kwa kutafuta bingwa. Vianze kwa kuandaa wanawake sita. Hao wachezeane kwa utaratibu ule ule wa michezo mitano, kombania kwa kombania, au kituo kwa kituo, na matokeo yaandikwe kwenye daftari. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litamwonyesha mwalimu jambo moja la maana: ni kiasi gani wa tatu amemkaribia wa kwanza. Pengo hilo likipungua, timu inakua. Likipanuka, timu ina nyota na watazamaji wake. Kwa mwanzo vinyoya vya nailoni vinatosha, kwa kuwa vinadumu na bei yake ni nafuu. Vya manyoya viwekwe kwa siku za mashindano na kwa wale waliokwisha kukomaa.

Wanawake wa vikosi vyetu wana neno la kusema katika jambo hili, na inafaa waulizwe. Wao ndio wanaojua saa zinazowafaa kati ya zamu, watoto na nyumba, na wao ndio wanaojua ni nani kati yao mwenye mkono mwepesi ambaye hajawahi kupewa nafasi. Betty Uber hakungoja wanaume wa shirikisho wamfikirie. Alileta hoja, na miaka michache baadaye kombe likawako.

JIRANI AMETANGULIA

Umbali kutoka Gisenyi hadi Kampala si mkubwa. Basi huumaliza kwa mchana na usiku wake. Hewa yao ni karibu na yetu, vyakula vyao twavijua, na Kiswahili cha kambini tunaelewana nacho. Kilichowatofautisha Waganda mwaka 2024 na nchi nyingine za eneo hili ni kwamba walikuwa na wanawake wa kutosha waliozoezwa kwa muda wa kutosha, na siku ilipofika Cairo hawakutegemea mtu mmoja.

Mashindano ya kufuzu ya bara hurudi kila baada ya miaka miwili. Nchi inayoanza kutafuta mchezaji wake wa tatu katika mwezi wa Januari imekwisha kuchelewa. Anatakiwa awe anafanya mazoezi sasa, na huenda yuko katika moja ya vikosi vyetu, akiwa na zamu ya lindo leo usiku. Tunamwomba mkuu wake aitazame orodha ya zamu ya kesho kabla ya kuitia sahihi.